Fungua kisanduku kabla ya kununua nyumba

Mtu akitaka kununua nyumba katika mji wetu wa Lubumbashi, hutazama nini? Kwanza hutazama hati za kiwanja, na ni haki yake, kwani si mara moja tu kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wawili. Kisha hutazama mabati kama yametoboka, hugonga miimo ya milango asikie kama mchwa wameila, huuliza habari za maji. Halafu, akiwa karibu kuaga, hubonyeza kitufe cha taa. Taa ikiwaka asema: "Umeme nao upo." Basi, amekwisha.

Nasi tungalifanya vivyo hivyo, kama lisingalitupata neno moja ambalo tulilificha kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Leo twaliandika, kwa sababu pasipo neno hilo wasomaji hawatafahamu kwa nini tuliingia katika nyumba ya mama mjane tukiwa na fundi, tukaomba kufungua kisanduku chake cha umeme kabla ya kutaja bei.

Sisi ni katekista. Katika seminari tulisoma Kilatini miaka mingi na mambo ya umeme majuma machache tu. Tulijifunza ya kuwa wati ni volti mara amperi, tukaiandika kanuni hiyo vizuri katika mtihani, tukaisahau. Usiku wa Pasaka ya mwaka 2022, katika kikanisa chetu, kulikuwa na vipaza-sauti viwili na kinanda, na mama wa kwaya walikuwa wameweka resho ya umeme katika sakristia ili kuchemsha maji ya chai. Ilipofika Gloria, taa zote zikawashwa, na papo hapo umeme ukakatika. Tukakimbilia kisandukuni. Fuzibi moja, ndiyo fyuzi kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ilikuwa imeyeyuka. Tukatia waya nyingine nyembamba, nayo ikayeyuka. Watu wanaimba gizani. Mara ya tatu tukaokota kipande cha waya ya shaba, nene kama njiti ya kibiriti, tukakikunja mara mbili, tukakifunga mahali pa ile nyembamba. Umeme haukukatika tena hata asubuhi. Watu walitushukuru, nasi tukaona fahari kidogo.

Katika mwezi wa Juni, siku ya kazi, watoto wa mafundisho walikuja wakikimbia: moshi unatoka juu ya sakristia. Kwa bahati mtu mmoja alijua kukata swichi kubwa kabla hatujamwaga maji. Ziliungua mbao tatu za dari na sanduku lenye kanzu za watumishi wa altare. Watu wa komiti wakasema: "Ni zamu. Usiku anajipikia chai mle ndani." Zamu alikana, lakini ni nani amsadikiye zamu?

Wakamwita fundi mzee, papa mmoja aliyefanya kazi miaka 31 katika karakana za migodi. Akapanda, akatazama waya za darini, ngozi yake yote ya plastiki imeyeyuka. Akashuka, akafungua kisanduku, akachomoa kile kipande cha kaure, akaiona shaba yetu. Akauliza: "Nani ametia kitu hiki?" Komiti wote wakatazamana. Nasi tukatazama chini. Mzee akatia waya mfukoni pasipo kusema zaidi. Jioni akatukuta njiani peke yetu, akatupa ile waya mkononi, akasema: "Mwalimu, vidole vya zamu havijui kukunja hivi."

Tangu siku ile tukawa wanafunzi wake. Alikuwa hatugombezi. Alituketisha mezani kwake, akaweka vipande vitatu vya waya na karatasi.

Je, fuzibi inalinda nini? Watu wengi hudhani inalinda redio au friji. Sivyo. Inalinda waya iliyofichwa ukutani. Umeme ukipita katika waya huitia joto, na joto hilo halipandi hatua kwa hatua na amperi: ukiongeza amperi mara mbili, joto linakuwa mara nne, ukiongeza mara tatu, linakuwa mara tisa. Kwa hiyo kila unene wa waya una kiasi chake. Waya ya milimeta mraba 1,5 ni ya taa: fuzibi yake ni ya amperi 10, au kama ni ile swichi inayojikata yenyewe, ambayo mafundi huiita dijonkteri, isizidi 16. Waya ya 2,5 ni ya priza, yaani matundu ya ukutani: fuzibi ya 16 au dijonkteri ya 20. Waya ya 6 ni ya jiko kubwa la umeme, dijonkteri ya 32. Ndizo hesabu zinazofuatwa Ubelgiji na Ufaransa, na mafundi wetu wamezirithi huko.

Mzee akaishika ile fuzibi. "Kitu kidogo hiki," akasema, "kimewekwa ili kife cha kwanza. Ukikikataza kufa, kitakufa kingine mahali usipopaona."

Twapenda kukumbusha hapa jambo ambalo sisi watu wa Katanga tunalisahau. Umeme wa mji wetu watoka mbali. Maanguko ya Lufira pale Mwadingusha yanazungusha mashine tangu mwaka 1930. Lualaba nao unafanya kazi pale Nzilo na Nseke. Na tangu mwaka 1982 kuna waya zinazovuka nchi kutoka Inga hadi Kolwezi, kama kilometa 1700. Na shaba inayoubeba umeme hata nyumbani ni ile ile inayochimbwa chini ya miguu yetu. Nguvu hiyo yote, baada ya safari hiyo yote, inaingia nyumbani mwako kwa waya isiyofikia unene wa kalamu, na mlangoni pa nyumba inakutana na kisanduku kimoja cha ubao au plastiki. Kisanduku kile ndicho kinachohesabu ni nguvu kiasi gani itapita. Kikiwa kimedanganywa, hakuna mwingine wa kuhesabu.

Sasa habari ya nyumba. Kwa miaka tisa tulipanga vyumba viwili Katuba, sisi na mama wa watoto wetu na watoto wanne. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 komisioneri mmoja akatuletea habari: kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mwembe uani, na nyuma yake aneksi tatu zenye wapangaji. Mwenyewe ni mama mjane anayetaka kurudi kwa watoto wake Likasi. Fedha zetu zilitosha kwa shida, nasi tulihesabu ya kuwa kodi za aneksi zingetusaidia kulipa karo za shule. Komisioneri alitaka tuache arabuni siku ile ile, akisema kuna mnunuzi mwingine anayekuja saa nane. Wasomaji, huyo mnunuzi wa saa nane yupo katika kila nyumba inayouzwa, hatujapata kumwona.

Tukasema: "Kesho tutakuja na papa yetu." Komisioneri alidhani ni baba mzazi.

Mzee alipofika hakuanza na kisanduku. Alianza na priza. Alizitazama moja moja, akazigusa kwa nyuma ya vidole. Priza ya jikoni ilikuwa na duara la rangi ya kahawia kandokando ya matundu, na kichwa cha resho kilipotiwa kililegea kama jino la mtoto. Akasema: pahali palipolegea panatoa cheche ndogo ndani, cheche zinaleta joto, joto linaunguza plastiki, duara la kahawia ni barua, isomwe. Akawasha taa ya sebule, akamwomba mama awashe resho. Taa ikafifia. "Waya ni nyembamba, au kiungo ni kibaya, au vyote viwili."

Kisha akatazama kile kidole cha chuma kinachochomoza katikati ya priza, kama zilivyo priza za Wabelgiji. Nyumba nzima ilikuwa na priza mpya nyeupe za namna hiyo, na komisioneri alikuwa amezisifu sana: "Za kisasa, zina ardhi." Kidole kile chapaswa kuwa na waya ya kijani na manjano, inayokwenda hadi kwenye fimbo ya chuma au ya shaba iliyopigwa chini udongoni. Kazi yake ni hii: pasi au friji ikiharibika ndani, na umeme ukaingia katika mwili wake wa chuma, upate njia ya kwenda ardhini pasipo kupitia mkono wa mtu. Mzee akakata swichi kubwa, akafungua priza ya kwanza. Nyuma ya kidole hakukuwa na waya. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Ilikuwa uso mpya juu ya waya za zamani. Sisi twaona ya kuwa priza ya namna hiyo ni mbaya kuliko ile ya zamani yenye matundu mawili, kwani ile ya zamani haikuahidi kitu.

Ndipo akafungua kisanduku. Hapa twaomba wasomaji wasimwige. Hata swichi kubwa ikikatwa, waya zinazotoka kwenye konteri hadi kwenye swichi hiyo hubaki na moto, na volti 220 hazimjui katekista wala fundi. Mnunuzi atazame, amwachie fundi kushika.

Mle ndani mlikuwa na fuzibi nne za kaure za zamani. Mbili zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa na shaba nene, zimekunjwa mara mbili. Hatukuweza kuzitazama kwa muda mrefu. Kando yake mtu alikuwa ameongeza dijonkteri moja mpya, inayong'aa, imeandikwa 32. Mzee akafuata waya yake kwa kidole: ilikuwa ya 1,5, yaani waya ya taa. Inakwenda wapi? Inapita dirishani, inashuka uani, inaingia ardhini pasipo bomba, inakwenda kwenye aneksi.

Akatoa kalamu. "Kila mpangaji ana resho?" Mama akajibu ndiyo, wote watatu, kwa sababu makala ya mbabula yamekuwa ghali. Resho ya wati 2000 kwa volti 220 yala amperi 9. Zikiwaka tatu saa ya chakula cha jioni, ni 27. Waya haikupaswa kupita 16. Joto lake linakaribia mara tatu ya kile inachoweza kuvumilia, na ile dijonkteri ya 32 imetulia, haioni kosa lolote, kwa sababu imeambiwa ingoje hadi 32.

Hapo mama mjane, aliyekuwa amesimama kimya, akasema neno ambalo hakuna aliyemwuliza. "Mwalimu, mlango wa aneksi ya tatu unauma."

Unauma? Akaeleza. Aneksi ya tatu ni ya mabati, na mlango wake ni wa chuma. Wakati wa kiangazi hauna neno. Mvua zikianza, mtu akiushika kwa mkono wenye maji, unamuuma hata begani. Mpangaji wa kwanza alihama. Wa pili alileta watu wa kuombea nyumba. Majirani wamekwisha kusema jina la mtu, mzee mmoja wa njia ile, ya kuwa ndiye aliyetia kitu pale mlangoni. Na mpangaji wa sasa anaye mtoto wa miaka miwili, ambaye amejifunza kuusukuma mlango kwa fimbo.

Tulikwenda nyuma wote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mzee akarudisha umeme, akaweka ncha moja ya kipimo chake mlangoni, na ncha ya pili kwenye fimbo aliyoichoma katika udongo mbichi. Kipimo kikaandika 90. Akatuonyesha sote, na komisioneri pia, volti 90 katika mlango wa chuma. Akarudi mbio, akakata, akafuata ukuta, akaona: waya ilipoingia chini ya bati, ukali wa bati ulikuwa umekata ngozi yake, na shaba tupu ilikuwa inagusa nyumba nzima ya mabati.

Tukauliza: kwa nini fuzibi haikukatika muda huo wote? Jibu lake twataka liandikwe kwa herufi kubwa katika kila nyumba. Kinachoweza kumwua mtu ni kidogo sana. Chombo cha kulinda watu, kinachoitwa diferansieli, hukata umeme ukipotea amperi 0,03 tu, yaani miliamperi 30. Fuzibi ya amperi 10 yangoja zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho. Kwa hiyo fuzibi nzuri na dijonkteri nzuri zaweza kuilinda nyumba isiungue, na mtoto akafia mlangoni zenyewe zikiwa zimetulia. Diferansieli hukumbuka hesabu: umeme uliotoka kwa waya moja lazima urudi wote kwa waya ya pili, ukipungua, kuna mahali unapotelea, nayo yakata mara moja. Ina kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kibonyeze kila mwezi, na kisipokata, kibadilishwe. Katika nyumba ile diferansieli haikuwapo.

Mzee hakungoja tupatane bei. Aliikata waya ya aneksi siku ile ile, akazifunga ncha zake. Wapangaji walinung'unika, na haki yao, kwani walikaa gizani siku tano. Komisioneri alikasirika zaidi ya wote, akatuambia pembeni ya kuwa tunaharibu soko.

Ilibaki habari ya fedha. Mzee aliandika kila kitu: kisanduku kipya, diferansieli moja ya miliamperi 30, dijonkteri sita, waya ya 2,5 kwa priza zote, waya nene yenye bomba kwa aneksi na kisanduku chake chenyewe, fimbo ya ardhi, na mikono ya watu wawili kwa siku sita. Jumla dola 640. Aliandika pia kidude cha kulinda friji wakati umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatwa mtaani, kwani dijonkteri haioni volti zikipanda. Hicho tulikifuta, hatukuwa na fedha.

Komisioneri wa upande wetu angesema: mtoeni mama dola 640 zote. Tulifikiri usiku huo. Mama yule hakudanganya mtu. Marehemu mume wake ndiye aliyejenga aneksi, mafundi wa kupita ndio waliotia shaba, naye aliona taa zinawaka tu, kama sisi tulivyoona. Mama wa watoto wetu akasema: "Yeye ametuambia habari ya mlango. Angenyamaza, tungejua lini?" Tukakatana nusu kwa nusu, dola 320. Tukaomba pia risiti za umeme za miezi iliyopita, ili tusirithi deni. Zilikuwapo zote, zimechomwa katika msumari mmoja. Na kabla ya kutia sahihi, mama akaenda mwenyewe kwa yule mzee wa njia, akamweleza mbele ya majirani mlango uliuma kwa sababu gani. Hatukuwapo. Tumesikia ya kuwa mzee alilia.

Tuliingia mwezi wa Februari mwaka 2024. Kuta hazijapakwa rangi mpaka leo. Fimbo ya ardhi imepigwa karibu na mahali pa kufulia, kwa shauri la fundi, kwa sababu udongo wetu wakati wa kiangazi hukauka kama tofali, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Mama wa watoto humwaga pale maji ya mwisho ya nguo. Mlangoni mwa kisanduku tumeandika kwa kalamu kila dijonkteri yalinda nini: taa, priza za vyumba, jiko, aneksi. Mtoto wetu wa tatu amejifunza kusoma pale.

Lakini kabla ya kuhamia, mwezi wa Januari, tulikuwa tumekwisha kwenda kwenye mkutano wa komiti ya kikanisa tukiwa na ile waya mfukoni. Tulipoona mbili kama yake katika kisanduku cha mama mjane, usingizi ulitupungukia. Tukaiweka mezani, tukasema ni mkono wetu ulioikunja, usiku wa Pasaka, wakati wa Gloria. Wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Padri hakucheka. Akamtuma mtoto amwite zamu.

Zamu akaja, akaisikiliza habari yote amesimama, kofia mkononi. Akaichukua waya, akaigeuza-geuza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akauliza kama sasa anaweza kupewa tena ufunguo wa sakristia, kwa kuwa wakati wa mvua chumba chake kinavuja.